Gor Mahia: Mtu Kabla ya Timu

Mtajie kijana yeyote wa Mombasa, Malindi au Lamu jina la Gor Mahia, naye atakujibu kwa habari za kandanda: jezi za kijani, mashabiki wanaoimba tangu mchana hadi usiku, na ligi ya Kenya iliyotwaliwa mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote. Si kosa la kijana. Timu imevuma hata imemfunika mwenye jina. Lakini jina hilo lilikuwa la mtu, aliyeoa na kuzaa, aliyeogopwa na kupendwa, akafa na kuzikwa zamani kabla mchezaji wa kwanza wa klabu hiyo hajavaa viatu vya mpira. Leo nawaomba wasomaji wa ukurasa huu tumtazame mtu huyo. Na kwa kuwa yeye na timu wamefungamana kama uzi na sindano, itanibidi nisimulie pia kipigo cha mwaka 1979, maana bila kipigo hicho huenda nisingeuliza Gor alikuwa nani.

Kwa Kijaluo huitwa Gor wuod Ogada, yaani Gor mwana wa Ogada. Lile neno K'Ogalo, ambalo mashabiki hulipaza uwanjani, maana yake ni kwa Ogalo, na linatokana na jamaa yake. Mahia ni lakabu, nayo ina maana ya mambo ya ajabu. Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa kugawa ajabu kwa daraja: muujiza ni wa Mtume, karama ni ya walii, na sihiri ni ya mchawi. Lakabu ya Gor haikuwekewa daraja hizo. Ilisema tu kwamba kwa mtu huyu watu waliona mambo wasiyoweza kuyaeleza.

Kwao ni Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay. Ukitoka Migori kwa barabara kuu ya Kisii unapita Awendo kwenye miwa, ukifika Rongo unaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto. Kabla hujaingia mji wa Homa Bay utaikuta njia panda ya Rodi Kopany, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Ndhiwa inayokwenda mpaka Karungu, ziwani. Nilipoifuata njia hiyo nilikuwa nimejitayarisha kuona mapango na misitu ya kutisha, kama inavyostahili nchi ya mganga mkubwa. Nilikuta nchi ya mahindi na ng'ombe, na watu wanaokwenda zao sokoni. Upande mmoja ardhi inakatika ghafla, na chini yake limetandaa bonde la Lambwe pamoja na mbuga ya Ruma, yenye wanyama ambao mahali pengine pa Kenya huwapati.

Zamani hakukuwa na Migori na Homa Bay kama maeneo mawili ya utawala. Waingereza waliita sehemu yote hiyo Kavirondo ya Kusini, makao yao wakayaweka kwanza Karungu kisha Kisii. Na kabla ya Waingereza palikuwa na koo tu: Kanyamwa, Kabwoch, Kanyidoto, Kadem, Karungu na nyingine, kila moja na ardhi yake, ng'ombe wake na ugomvi wake na jirani. Humo ndimo alimokulia Gor, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa.

Aliishi nyakati ngumu. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe karibu Afrika Mashariki nzima, na kwa Mjaluo ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima ya baba. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, malale yakaua watu wasiohesabika kandokando ya ziwa. Juu ya hayo akaja Mzungu na kodi ya nyumba. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na 1906 wamisionari wa Sabato wakajenga Gendia, mwendo mfupi kwa mashua. Mtu aliyezaliwa katika dunia ya mikuki alizeekea katika dunia ya stakabadhi.

Wajaluo wana majina mengi kwa watu wa elimu hiyo, kama vile sisi tulivyo na mganga, mpunga pepo, mpiga ramli na mwana nyota. Yuko ajuoga, na yuko jabilo. Gor alikuwa jabilo. Kazi ya jabilo ilikuwa kushughulikia vita na hatima ya ukoo mzima. Ndiye aliyetazama kama vijana watoke au wabaki, waende leo au wangoje, wapite njia hii au ile. Kwa hivyo ilimbidi ajue habari za adui, hali ya mto, afya ya mifugo na mioyo ya watu wake. Mimi si muumini wa mizimu yake, wala sitajifanya. Lakini mtu aliyeulizwa maswali hayo kwa miaka mingi, na watu wakaendelea kumwendea, hakuwa mjinga. Gor alikuwa mganga na kiongozi kwa pamoja, na Kanyamwa waliweka mambo yao mkononi mwake.

Masimulizi yaliyobaki juu yake karibu yote ni ya kujigeuza. Husimuliwa kwamba adui walipomwendea kumkamata walimkuta mzee asiyejiweza, au mwanamke anayefanya kazi zake, au mnyama, au hawakukuta kitu. Wazungu nao wametiwa katika hadithi hizo: askari wanafika, wanauliza, wanaonyeshwa mtu ambaye si yeye, wanarudi mikono mitupu. Nimezisikia kwa namna tofauti, na kila msimulizi huongeza chumvi yake. Hilo halinishangazi. Nani katika pwani yetu hajasikia kuhusu sharifu aliyevuka bahari juu ya msala?

Kinachonishughulisha ni kile ambacho hadithi hizo hazisemi. Katika zote nilizosikia sikukuta hata moja ambamo Gor anawapanga vijana wake mbele ya bunduki na kuwaahidi kwamba risasi hazitawaingia. Linganisheni na ndugu zetu wa kusini. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji akawaambia yatazidhoofisha silaha za Wajerumani. Yeye mwenyewe alinyongwa mwaka huo huo, na vita vya Maji Maji vilipokwisha, watu waliokufa kwa risasi na kwa njaa walikuwa maelfu kwa maelfu. Sisemi hayo kumdharau Kinjikitile, maana aliunganisha makabila ambayo hayajapata kuungana. Nasema kwamba masimulizi ya Kanyamwa yalichagua kumkumbuka shujaa wa namna nyingine. Shujaa wao ni yule ambaye vita vya kushindwa havikumkuta nyumbani.

Na hapo hapo Kavirondo ya Kusini ndipo Waingereza walipompeleka mwanamke wetu wa pwani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, walikamatwa Ugiriama kwa kuwalisha watu kiapo, wakahamishiwa Kisii. Serikali iliona huko ni mbali kiasi cha kutosha. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka, wakakata nchi kwa miguu mpaka wakatokea tena kwao. Wagiriama wengine husimulia safari ile kana kwamba haikuwa ya binadamu, kana kwamba mama yule alipeperuka. Mimi naona ni miguu. Lakini nawaelewa wanaosema hivyo, kwa maana mnyonge aliyemponyoka mwenye bunduki anastahili kupambwa. Hata nilipokuwa nikisikiliza habari za Gor sikujihisi mgeni.

Alikufa katika miaka ya mwanzo ya utawala huo, akaacha ukoo mkubwa na sifa iliyovuka mipaka ya Kanyamwa hata ikawa ya Wajaluo wote. Karibu nusu karne ikapita. Mwaka 1968, mwezi wa Februari, Wajaluo waliokuwa Nairobi walipounganisha timu zao na kutaka jina, hawakuchagua jina la waziri wala la mbunge, na hao walikuwapo wakubwa wa kutosha. Walimfufua jabilo wa Kanyamwa. Timu ikatwaa ligi mwaka ule ule wa kwanza. Mnafikiri mashabiki walisemaje? Jina limefanya kazi.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana jambo lenyewe linatugusa hata sisi. Tusijifanye kwamba mambo ya dawa uwanjani ni ya bara peke yake. Pwani hii ilikuwa na kandanda ya kuheshimiwa. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Na pwani hii hii nimeona timu ya mtaa, ambayo sitaitaja, ikiruka ukuta kuingia uwanjani kwa kuwa imekatazwa kupita langoni, na mlinda mlango wake akifukia kitu chini ya mlingoti huku akisoma Bismillahi. Walifungwa. Siku ya pili hawakuzungumza juu ya walinzi wao waliokuwa wakitembea wakati wenzao wanakimbia. Walizungumza juu ya mganga, kwamba amekula fedha na kuwapa dawa baridi.

Basi mwaka 1979 Gor Mahia iliingia fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Hakuna klabu ya Kenya iliyokuwa imepata kufika fainali ya Afrika kabla yake. Wapinzani walikuwa Canon ya Yaoundé, kutoka Kameruni. Mechi ya kwanza ilichezwa Nairobi, na Gor wakafungwa mabao 2 bila jibu. Kufungwa nyumbani hivyo ni kama kuondoka bandarini tanga limekwisha pasuka. Wakaenda Yaoundé kwa marudiano, wakafungwa 6 bila. Jumla mabao 8, na wao hawakuona wavu hata mara moja katika dakika 180.

Sitaki msomaji afikiri kwamba ndiyo mara ya kwanza Kenya kuaibishwa. Mwaka 1965 timu ya taifa ilifungwa na Ghana mabao 13 kwa 2, tena Nairobi. Lakini ile ilikuwa timu yenye jina la nchi, na nchi haina dawa. Hii ya 1979 ilikuwa na jina la mtu ambaye wazee waliapa kwamba hakupata kushikwa. Ukiita timu kwa jina la mganga, kila bao unalofungwa linakuwa swali juu ya mganga.

Mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, nikiwasikiliza watu wazima wakibishana barazani. Mmoja alishikilia kwamba dawa ya Kameruni ni kali kuliko ya Nyanza. Mwingine akadai kwamba dawa ya ziwa haivuki mbali na ziwa. Hakuna aliyewataja wachezaji. Mwalimu wetu, ambaye mpira hakuutazama kabisa, aliwakumbusha kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, jinsi walivyozitupa kamba na fimbo zao zikaonekana zinakwenda, na jinsi wao wenyewe walivyokuwa wa kwanza kusujudu, kwa sababu fundi wa hila huitambua haraka kazi isiyokuwa ya hila. Wakati ule nilidhani mwalimu amebadilisha mazungumzo. Nilipokua nikaona kwamba hakuyabadilisha.

Maana hebu tuwatazame Canon walikuwa akina nani. Mwaka uliotangulia, 1978, walikuwa mabingwa wa klabu za Afrika, na 1980 wakawa tena. Langoni alisimama Thomas N'Kono, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka ule ule wa 1979. Mbele yake alikuwapo Théophile Abega, aliyekuja kupata heshima hiyo mwaka 1984, na Jean Manga Onguéné, aliyeipata 1980. Timu moja, wachezaji bora watatu wa bara! Mwaka 1982 Kameruni ilikwenda Kombe la Dunia kule Hispania, N'Kono langoni, ikatoka bila kufungwa na yeyote, hata na Italia iliyokuja kulitwaa kombe. Hao ndio waliowapiga Gor mabao 8. Kuna haja gani ya kutafuta kilichozikwa chini ya mlingoti?

Nikiwa Ndhiwa nilimuuliza mzee mmoja kuhusu 1979. Alinitazama kwa muda, kisha akanieleza kwamba wageni wote wanaokuja huko huuliza kama Gor alikuwa akipeleka dawa uwanjani, ilhali Gor hakupata kuona mpira maishani mwake. Wakiulizia watoto wake, wake zake, au alivyowagawia watu nafaka, hapo mzee angejua kwamba wamekuja kwa ajili ya Gor. Niliona haya kidogo. Nikaacha mpira na kumwacha azungumze. Alizungumza mpaka jua likatua, na mengi aliyoyasema yalikuwa ya ng'ombe, mipaka na ndoa.

Baada ya kipigo kile klabu haikufa. Mwaka uliofuata, 1980, ilitwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikalichukua tena 1981 na 1985. Lakini 1980 ulileta jambo jingine. Serikali ilitaka timu ziache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ikabaki Gor Mahia, kwani hilo ni jina la mtu, halitaji kabila. Wasimulizi wa Kanyamwa wangeweza kuliongeza hili katika hadithi zao: watu wa serikali walipita wakitafuta jina la kabila, mzee yule akawa amekaa palepale mbele yao wasimwone.

Kisha ukaja mwaka 1987. Kombe ni lile lile la Washindi, ila sasa limepewa jina la Nelson Mandela, ambaye alikuwa bado kifungoni. Mara hii katika fainali walikutana na Espérance ya Tunis. Watu wa Afrika Kaskazini walikuwa wamezoea kuzifunga timu zetu kama mtu anayechuma embe za mti uliolala. Mechi ya kwanza ilikuwa Tunis, na Gor wakatoka sare, 2 kwa 2. Nani aliyetazamia hilo? Mwezi wa Desemba wakarudiana Kasarani, katika uwanja uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka ule ule, na watu wakajaa hata pasipo viti. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na mshambuliaji aliyewatia hofu Waarabu wale alikuwa Peter Dawo. Ikawa sare tena, 1 kwa 1. Kwa mabao yale mawili ya ugenini, kombe likabaki Kenya.

Hawakuwashinda Espérance Tunis, wala hawakuwashinda Nairobi. Hata hivyo kombe ni lao. Wapo waliolalamika kwamba huo si ushindi wa kiume, kwamba bingwa hupiga mpaka mwenzake aanguke, kama Canon walivyofanya. Mimi naupenda ushindi ule kuliko wa mabao 8. Na kama kuna siku moja ambayo timu ile ilifanana na mtu wa Kanyamwa, basi ni siku hiyo, walipojua kiasi gani kinatosha na wakakilinda.

Pwani tulikuwa na sababu yetu ya kushangilia, kwa kuwa katika kikosi kile alikuwamo Abbas Khamis Magongo, jina ambalo hulitegemei Ndhiwa wala Kanyamwa. Nakumbuka wazee waliokuwa hawalipendi jina la mganga wakililainisha ulimi kwa ajili ya Abbas. Walisema ni timu ya Abbas, nalo likawasaidia kushangilia bila wasiwasi.

Tangu 1987 klabu nyingine ya Kenya haijalitwaa kombe lolote la bara. Gor wenyewe walichukua ligi 1995, kisha wakakaa miaka 18 bila kuipata tena mpaka 2013. Katika miaka hiyo walicheza wakiwa na madeni, ugomvi wa viongozi na wachezaji waliokwenda kutafuta riziki kwingine, na mgongoni mwa jezi zao jina lilikuwa lile lile.